Tunajua Mlango, Hatubishi Hodi: Somo la Afya ya Akili kwa Mwanafunzi Mwislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.



Somo la muhula huu nimelijenga juu ya namba mbili. Mwaka 2018 taasisi ya afya ya nchi yetu, RBC, ilifanya uchunguzi wa afya ya akili katika Rwanda nzima. Ilionekana kwamba katika kila watu watano, mmoja ana tatizo la afya ya akili (asilimia 20.5). Kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, idadi hiyo inapita nusu (asilimia 52.2). Watu wakaulizwa kama wanajua huduma zinapatikana wapi, asilimia 61.7 walijua. Waliowahi kuzitumia walikuwa asilimia 5.3.

Tuzitazame vizuri namba hizo mbili, 61.7 na 5.3. Tumezoea kusema kwamba vijana hawapati msaada kwa sababu hawajui pa kwenda. Hesabu inasema jambo jingine: wengi wanajua mlango ulipo, ila hawabishi hodi. Kwa hiyo somo hili halitaishia kwenye orodha ya hospitali. Litauliza kwanza kinachotuzuia, kisha litaeleza njia yenyewe hatua kwa hatua, na mwisho litasema rafiki na jumuiya wafanye nini.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, na kwa miaka miwili nimehudumu katika kamati ya ustawi wa wanachama. Si daktari, wala si sheikh. Ninayoyaandika ni yale niliyojifunza kwa walimu wangu darasani, kwa masheikh zetu, na kwa kuwasindikiza wenzetu hospitalini.

1. HUZUNI SI UPUNGUFU WA IMANI

Kizuizi cha kwanza kimo vifuani mwetu. Mwanafunzi Mwislamu akibanwa na huzuni, jambo la kwanza analojiambia ni kwamba imani yake ina kasoro. "Ningekuwa namtegemea Mungu kweli, nisingekuwa hivi." Akisema kwa wenzake, mara nyingi anapata jibu lile lile: ongeza ibada.

Ibada ni jambo jema na hatulipunguzi. Lakini tuitazame Qur'ani yenyewe. Nabii Yaakub (a.s.) alimhuzunikia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni (Sura Yusuf, aya ya 84). Bibi Maryam alipopatwa na uchungu wa uzazi akiwa peke yake, alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile (Sura Maryam, aya ya 23). Mtume wetu (s.a.w.) aliambiwa na Mola wake kwamba kifua chake kinabanwa na maneno ya watu, na kwamba hilo linajulikana (Sura Al-Hijr, aya ya 97). Mwaka aliofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, wanahistoria wa Kiislamu wameuita Mwaka wa Huzuni. Alipofariki mwanawe Ibrahim, alilia mbele ya masahaba, na alipoulizwa akaeleza kuwa machozi yale ni rehema.

Kama huzuni ingekuwa dalili ya imani dhaifu, tungesema nini juu ya hawa?

Kuna ndugu wanaoitumia aya ya 86 ya Sura Yusuf kama dalili kwamba Mwislamu hasemi shida yake kwa mtu. Ni kweli, pale Nabii Yaakub anasema kwamba majonzi yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini tusifunge msahafu hapo. Katika aya inayofuata, ya 87, mzee huyo huyo anawatuma wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, na anawakataza kukata tamaa. Amelia kwa Mola wake, kisha ametuma watu njiani. Dua na hatua zimekaa bega kwa bega, aya moja baada ya nyingine. Mwenye kuomba usiku na kwenda kituo cha afya asubuhi amefuata aya zote mbili.

2. HUZUNI INAPOGEUKA KUWA UGONJWA

Huzuni ni sehemu ya maisha. Kufeli mtihani, kufiwa, kuvunjika kwa uchumba, kukosa ada: haya humliza mtu yeyote. Ugonjwa ni jambo jingine, na wazee wetu katika elimu walilitambua mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, jina lake Masalih al-Abdan wal-Anfus. Humo aligawa maradhi ya nafsi katika mafungu manne: hasira, huzuni, hofu na wasiwasi. Katika huzuni akatenganisha ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile inayomjia mtu pasipo sababu anayoifahamu. Alishauri pia kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya homa, ajiwekee mawazo mazuri wakati wa afya, yamsaidie siku ya dhiki. Karne chache baadaye miji ya Kiislamu ilikuwa na hospitali zilizoitwa bimaristan. Ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo, ya mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo anayekwambia kutibu akili ni jambo geni lililotoka Ulaya, mkumbushe historia yake.

Siku hizi madaktari wanatumia kipimo hiki kwa sonona, ambayo kwa Kinyarwanda tunaiita agahinda gakabije. Kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu ana huzuni au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Pamoja na hayo anaona baadhi ya dalili hizi:

- usingizi umepotea, au analala kupita kiasi;
- hamu ya chakula imepungua au imezidi;
- uchovu hata asipofanya kazi;
- kujiona hana thamani, au kujilaumu kwa kila jambo;
- kushindwa kutulia kwenye masomo;
- kuwa mzito sana wa mwendo na maneno, au kuhangaika asikae mahali pamoja;
- mawazo ya kifo.

Tuangalie pia wasiwasi, kwa sababu huu huvaa kanzu ya ibada. Yupo mwanafunzi anayetawadha dakika arobaini. Anaosha mkono, anatilia shaka, anarudia, mpaka jamaa imemaliza swala. Wenzake wanamsifu kwa uchamungu huku yeye anaumia. Fiqhi ina kanuni hapa: yakini haiondolewi na shaka. Ukishatawadha, shaka inayokuja baadaye usiitii. Wanasaikolojia wanaotibu wasiwasi wa aina hii wanamfundisha mgonjwa jambo linalokaribiana sana na hilo: aache shaka ije, asiitii, akae na mashaka hayo mpaka yenyewe yapungue. Tofauti ni kwamba mtaalamu anampa mazoezi ya kila wiki na anatembea naye. Kumwambia mgonjwa kanuni peke yake ni kama kumwambia mwenye mguu uliovunjika kwamba kutembea kunajuzu.

Na katika nchi yetu tuna jeraha letu. Neno ihahamuka kila Mnyarwanda analijua. Wengi wetu tunaosoma leo tulizaliwa baada ya 1994, lakini tumelelewa na wazazi walioyaona, na wengine tumelelewa katika nyumba zenye kimya kisichoelezeka. Kila mwaka Kwibuka inapoanza tarehe 7 Aprili, katika siku zile mia moja, wapo wanafunzi wasiolala. Methali ya Kinyarwanda inasema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Yakijaa tumboni yanatafuta pa kutokea: hasira, pombe, au maumivu ya kichwa ambayo panadoli haiyatulizi.

3. VIZUIZI VINNE

Katika miaka hii miwili nimesikia sababu nyingi za kutokwenda. Nikizipanga zinakuwa nne.

Kwanza, "Nitaonekana kichaa." Watu wengi wakisikia hospitali ya akili wanaiona Ndera tu, na Ndera kwao ni jina la matusi. Ukweli ni kwamba wengi wenye sonona au hofu hawahitaji kulazwa. Wanaonana na mhudumu, wanapewa ushauri au dawa, wanarudi darasani. Na huyo anayehitaji kulazwa Ndera naye ni mgonjwa kama wa malaria kali. Hana la kuonea haya.

Pili, "Huenda ni jini au husuda." Sisi tunaamini ghaibu, na kisomo cha Qur'ani ni sunna. Lakini Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama watafute matibabu, aliwaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Kisomo na dawa havigombani. Sheikh wetu anatoa alama tatu za kumjua msomaji wa kuaminika: anasoma Qur'ani na dua zinazofahamika, hampigi wala hamfungi mgonjwa, na hamkatazi kwenda hospitali. Akikosa moja ya hizo, ondoka.

Tatu, "Wale si Waislamu, hawatanielewa." Hospitali ya Ndera ilianzishwa na shirika la Kikatoliki, Brothers of Charity, na wapo ndugu wanaosita kwa sababu hiyo. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif. Wapo wanazuoni walioichukua habari hiyo kuwa dalili kwamba Mwislamu anaweza kutibiwa na tabibu mjuzi hata kama si Mwislamu. Wewe mweleze mhudumu mambo ya dini yako yanayohusu tiba: swala zako, funga yako, kama unapendelea kuonana na mwanamke au mwanamume. Mhudumu mzuri atasikiliza. Asiposikiliza, omba mwingine.

Nne, "Siri yangu itatoka." Hofu hii ina msingi, na sitaipuuza. Katika kituo kimoja nilichomsindikiza mwenzetu, mpokeaji aliita kwa sauti, "Wa akili ni nani?" mbele ya watu thelathini. Ndugu yetu alitaka kurudi nyumbani. Tulichofanya ni kumwomba muuguzi kwa upole tuzungumze pembeni, naye akatuelewa na kutuingiza kwa mlango mwingine. Mhudumu wa afya amefungwa na maadili ya kazi yake kutunza siri ya mgonjwa. Nasi tumefungwa na dini yetu: yanayosemwa katika kikao ni amana.

4. NJIA YENYEWE

Sasa tuje kwenye hatua. Nimeziandika kwa mpangilio wa mtu anayeanza kesho asubuhi.

Hatua ya kwanza: mwambie mtu mmoja. Mchague mwenye kusikiliza kuliko kusema. Anaweza kuwa mwenzako wa chumbani, shangazi, imamu, au dada wa kamati. Kusema kwa sauti hupunguza uzito, na mtu huyo ndiye atakayekusindikiza.

Hatua ya pili: andika dalili zako kwa siku chache. Unalala saa ngapi, unakula nini, tangu lini, lini inazidi. Ukifika mbele ya muuguzi utasahau nusu ya maneno, karatasi haisahau.

Hatua ya tatu: anza karibu. Kama chuo chako kina mnasihi au zahanati, anzia huko. Kama hakuna, au hutaki kuonekana chuoni, nenda kituo cha afya. Mwenye Mutuelle de Santé huanzia hapo, na kikiona haja kitampa barua ya rufaa, hiyo tunayoiita transferi, kwenda hospitali ya wilaya. Hospitali za wilaya zina huduma ya afya ya akili. Kutoka hapo, likihitajika, mtu hupelekwa hospitali kubwa kama CHUK Kigali, CHUB Huye, au Ndera. Usiruke ngazi ukiwa na Mutuelle, kwa sababu utajikuta unalipa mwenyewe kile ambacho kingelipiwa. Hakikisha mchango wa mwaka umelipwa kabla hujaugua. Ukitaka kuuliza kwanza, namba 114 ya RBC ni ya bure.

Hatua ya nne: jua utakachokutana nacho. Siku ya kwanza ni maswali mengi. Mhudumu atauliza usingizi, chakula, pombe, familia, na kama umewahi kufikiria kufa. Anauliza kwa sababu kazi yake inamtaka ajue. Jibu kweli. Tiba huwa ya mazungumzo, ya dawa, au vyote viwili. Mazungumzo si kikao kimoja cha nasaha. Ni vikao vya wiki kadhaa, vyenye kazi ya kufanya nyumbani. Dawa za sonona hazifanyi kazi siku ile ile. Nyingi huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na katika siku za mwanzo mtu anaweza kusikia kichefuchefu au kizunguzungu kabla hajasikia nafuu. Wengi huziacha hapo hapo. Usiziache. Rudi kwa aliyekupa, umweleze. Hata ukipona usizikate ghafla, kwa kuwa daktari huzipunguza kidogo kidogo.

Hatua ya tano: panga Ramadhani mapema. Zipo dawa zinazoweza kuhamishiwa futari na daku, na zipo zinazohitaji mwili uwe na maji ya kutosha, hata kufunga kukawa hatari. Muulize daktari kabla ya mwezi kuandama. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo katika Sura Al-Baqara, aya ya 184 na 185, na ugonjwa wa akili ni ugonjwa.

Hatua ya sita: kama mlango wa kwanza haukukufaa, gonga wa pili. Mtu hupatana na mhudumu mmoja asipatane na mwingine. Hilo halina maana kwamba huna dawa.

5. SOMO LA SALMAN: RAFIKI AFANYE NINI

Katika Sahih Bukhari kuna kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardai (r.a.), waliounganishwa udugu na Mtume (s.a.w.). Tunakitumia sana tunapofundisha ukadirifu katika ibada. Mimi nakisoma kama somo la kumsaidia mwenzako.

Salman alikwenda kuwatembelea. Akamwona Ummu Dardai amevaa mavazi duni, hana tena shughuli na nafsi yake. Hakupita. Aliuliza, ana nini? Akajibiwa kwamba nduguye Abu Dardai hana haja tena na dunia. Abu Dardai akaleta chakula, akamwambia Salman ale, yeye amefunga. Salman akakataa kula mpaka ale naye. Usiku Abu Dardai alitaka kusimama kuswali, Salman akamwambia alale. Akainuka tena, akaambiwa alale. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku Salman akamwamsha, wakaswali wote wawili. Baada ya hayo ndipo akampa nasaha: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki, na ahali zako wana haki, basi kila mwenye haki mpe haki yake. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari, alisema Salman amesema kweli.

Tazameni mpangilio. Ametembelea, ameona, ameuliza, amekula naye, amemlaza, ameswali naye. Nasaha imekuja mwisho. Sisi hugeuza: tunaanza na nasaha, na mara nyingi tunaishia hapo hapo.

Mwaka jana mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu kueleza bila jina, aliacha kuja msikitini. Ndiye aliyekuwa akiadhini Alfajiri. Kwenye kundi letu la WhatsApp wakaanza kutuma mawaidha juu ya wanaolala Alfajiri, kila mtu akijua anayekusudiwa. Mwenzake wa chumbani akaniambia, "Kaka, huyu halali kabisa." Nilimpelekea wali na maharage, tukala kimya. Siku ya tatu ndipo aliposema: "Si kwamba sitaki kuswali. Naamka saa nane usiku, natazama dari mpaka alfajiri. Adhana ikilia, mwili hauinuki."

Nilimuuliza imeanza lini, akasema tangu mwezi wa nne. Nikamuuliza kama angependa twende pamoja kituo cha afya. Akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Siku ya nne tukaenda. Tulikaa foleni asubuhi nzima. Aliniomba nibaki nje, nikabaki. Alitoka na transferi mkononi, na wiki iliyofuata tukaenda hospitali ya wilaya. Alirudia somo moja mwaka ule, na bado ana siku mbaya. Lakini analala, na akiwa na siku mbaya anapiga simu. Jambo ambalo anasema lilimsaidia zaidi ni kwamba hakwenda peke yake.

6. MAISHA YANAPOKUWA HATARINI

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kuona haya na neno hili.

Mwenzako akisema hana haja ya kuishi, akiaga watu, akigawa vitu vyake vya thamani, au akitulia ghafla baada ya dhiki ndefu, muulize wazi: "Je, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, humpa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Waombe walio karibu waondoe vitu vya hatari chumbani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, au piga 912, namba ya dharura ya magari ya wagonjwa. Akikuomba usimwambie mtu, usimpe ahadi hiyo. Siri ni amana, na uhai ni amana kubwa zaidi.

Wala saa hiyo si saa ya kumhutubia juu ya adhabu. Anajua kuwa ni haramu. Mara nyingi ndilo lililomzuia mpaka leo. Mkumbushe kwamba Mola amewakataza waja wake kukata tamaa na rehema Yake (Sura Az-Zumar, aya ya 53), kisha shika mkono wake mwende.

7. WAJIBU WA JUMUIYA

Hatuanzi kutoka sifuri, kwa maana nchi hii imetufundisha. Mwaka 1996 wanafunzi manusura wa Chuo Kikuu cha Taifa pale Butare waliunda AERG. Hawakuwa na wazazi, wakajipangia familia chuoni: mwanafunzi mmoja baba, mwingine mama, wengine watoto, wakila pamoja na kuulizana hali. Walikuwa na umri kama wetu. Na tangu 2005, kuanzia Byumba, vikundi vya Mvura Nkuvure, yaani "niponye nikuponye", vimewakalisha majirani pamoja kwa wiki nyingi. Vinaanza na usalama, vinafuata uaminifu na kujaliana, na kumbukumbu za uchungu huja mwisho, watu wakishaaminiana. Ni mpangilio ule ule wa Salman.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne kwa jumuiya yetu. Kila halaqa iwe na ndugu wawili, kaka na dada, wanaofahamika kuwa ndio wa kusindikiza. Ubao wa msikiti uwe na namba za msaada, na mmoja wetu azipige kila mwanzo wa muhula kuhakikisha zinapokelewa. Tuwe na mfuko mdogo wa nauli na wa kuwalipia Mutuelle waliokwama. Na katika kundi letu la simu, anayetoweka atafutwe kwanza, mawaidha yafuate.

MASWALI YA HALAQA

1. Aya ya 86 na ya 87 za Sura Yusuf zinakamilishanaje? Ni ipi kati ya hizo tunayoisahau zaidi?
2. Kati ya vizuizi vinne, kipi kina nguvu zaidi hapa chuoni kwetu, na kwa nini?
3. Panga matendo ya Salman kwa mfuatano. Mara ya mwisho ulipomsaidia mwenzako ulianzia wapi?
4. Kituo cha afya kilicho karibu na hosteli yako ni kipi, na siku gani mhudumu wa afya ya akili anapatikana? (Usijibu kwa kubahatisha. Nenda ukaulize kabla ya kikao kijacho.)
5. Tutaanzaje kutunza siri za wanaotuamini katika kamati?

Swali la nne ndilo kazi ya nyumbani. Ukimaliza utakuwa umefika mpaka mlangoni, na atakayekuhitaji kesho hutamwelekeza kwa kidole, utamwambia, "Twende, napajua."

Ewe Mola wetu, tunajikinga Kwako na wahaka na majonzi. Waponye wagonjwa wetu, wanaoonekana na wanaojificha, na utujaalie kuwa sababu ya nafuu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.